Nyaya Mbili Zilizopishana

Rayya mwanangu,

Salamu za mdomo tumepeana kutwa nzima, na kila mgeni aliyekuja kukuaga ameongeza zake, kwa hiyo hapa nakwenda moja kwa moja. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome alfajiri kabla hujatoka chumbani, tena ukiwa umekaa, maana ndani yake mna jibu la lile ulilonitaka, na mna jambo jingine ambalo hukunitaka wala mimi sikulitegemea.

Tiketi ipo, begi limefungwa, chuo huko Malaysia kinakungoja, na bado juzi ulisimama jikoni ukaniambia huendi. Hukusema kwa hasira. Ulikuwa unakatakata vitunguu, ukasema kama mtu anayearifu kuwa chumvi imekwisha: "Mimi siendi, Baba. Nikienda, wewe utahamia kule." Kule ni nyumba ya udongo ya babu zetu, na redio iliyomo ndani ya nyumba, na sauti iliyomo ndani ya redio. Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa kueleweka.

Mambo ya chakula, sala na watu wa kujiepusha nao sikuandikii. Shangazi yangu, Bi Zuwena, ameshayamaliza, na kama kuna lililomtoka atakupigia simu mpaka uone afadhali ungebaki. Mimi nitakuandikia ninalolijua vizuri zaidi, nalo ni makosa yangu. Hayo nimeyasomea mwenyewe, bila mwalimu.

Umekua ukinisikia nazungumza habari za redio, na nina hakika ulikuwa husikilizi. Sikulaumu, hata wanafunzi wangu wa fizikia walikuwa wakipiga miayo. Lakini leo nipe sikio kidogo, maana bila hili hutafahamu yaliyotokea. Redio yangu ni ya kupokea tu. Husikiliza wale watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi yao, kila mmoja na mtambo wake nyumbani. Sauti zao zinaweza kusikilizwa kwa pande mbili, wa juu na wa chini. Kwa upande mmoja unasikia maneno. Kwa upande wa pili sauti inapinduka: nene inakuwa nyembamba, nyembamba inakuwa nene, na maneno yanageuka tope. Hujui tena kama anayesema ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Kinachobaki ni mwendo tu. Unasikia mtu anasema, anasita, anacheka, anaendelea, na hushiki hata neno moja.

Redio ya kienyeji kama yangu husikia pande zote mbili kwa pamoja, vurugu tupu, mpaka uiwekee kitu ninachokiita ngazi. Ni safu za rezista na kapasita, vile vipande vidogo vya umeme, zilizofungwa kwenye nyaya nne, safu juu ya safu, na ukiichora kwenye karatasi inafanana na ngazi kweli. Sauti inaingia kwa njia mbili, ngazi inaichelewesha ya njia moja nyuma ya mwenzake kwa robo ya mzunguko, halafu zinakutana. Upande unaoutaka unaongezeka nguvu. Usioutaka unakufa, kama mlango unaosukumwa na watu wawili wenye nguvu sawa, mmoja ndani na mmoja nje. Vipande vya ngazi visipolingana, hata kwa kiasi kidogo, mlango unacheza, na upande uliokufa unavuja.

Waliosoma kama mimi hununua vipande wakaviamini. Mama yako hakuamini kitu. Ilikuwa ule msimu wa ugonjwa wake, alipokuwa hawezi tena kusimama jikoni na hataki kulala mchana akaonekana mgonjwa. Nilikuwa nimerudi kutoka madukani Ruwi na mfuko mzima wa kapasita, akaniuliza ni nini, nikamweleza, akasema lete. Basi nikamwekea kipimo mapajani, akatoa vifinjani vya kahawa vyote kabatini, akawa anapima moja moja na kutia kila moja kwenye finjani la wenzake. Zile nilizokwisha kuzikubali mimi alizipima tena. "Hii siyo ndugu ya hizi, we Seif," akaniambia, "usijitie upofu." Wageni wakija ikabidi wanywe kahawa kwa vikombe vya chai.

Na muda wote huo anazungumza. Unakumbuka alivyokuwa akisema? Anaanza sentensi vizuri, anaikata katikati, anavuta pumzi kwa meno, kisha anaimalizia mbio kama mtu aliyeogopa kunyang'anywa. Nilikuwa nikimtania kuwa watu wa Wete hata pumzi wanaikopa. Yeye anasema sisi wa mjini tunazungumza kama tunalipwa kwa kila neno. Ametutoka kabla sijachomea hata kapasita moja. Vifinjani vilibaki kabatini na vipande vyake ndani, na hakuna aliyethubutu kuvimwaga, wala mimi wala wewe.

Matanga yalipokwisha nikaanza kuijenga ngazi. Sikuwa na hamu ya redio. Nilitaka tu kushika vitu alivyovishika. Nilichomea taratibu, finjani baada ya finjani, na nilipomaliza ndipo nikakumbuka kuwa nyumbani kwetu redio kama ile haifai. Viyoyozi, chaja za simu, taa hizi mpya, kila kimoja kinapiga kelele yake, na redio inazisikia zote. Penye utulivu palikuwa mahali pamoja tu: ule mtaa wa zamani wa hapa Ibra uliohamwa watu walipofuata umeme, na ndani yake nyumba ya babu, isiyo na waya hata mmoja.

Wewe ulipenda kwenda kule wakati huo. Ulipenda ile milango mikubwa iliyobaki imesimama bila ukuta. Tulipandisha waya wa antena kutoka darini mpaka kwenye mtende, tukaweka betri ya gari, na kipaza sauti kidogo ili tusikie sote wawili. Tukangoja maghribi. Bibi zetu walitukataza kuwa nje saa ile, wakisema ndiyo saa ya wengine kutoka. Mimi nilikufundisha kuwa mchana jua linaweka huko juu tabaka linalomeza mawimbi, na likizama tabaka hilo linapukutika, na sauti za mbali zinaanza kufika. Sasa nikifikiri, naona bibi na mimi tulikuwa tukisema jambo lile lile.

Nikawasha. Ikaja sauti, na haikuwa na maneno.

Nilijua pale pale. Ngazi ilikuwa safi, ila nilikuwa nimepishanisha nyaya mbili za kuingilia, na nyaya hizo zikipishana, redio husikiliza upande mwingine. Kila mtu anayejenga redio ya namna hii amewahi kulifanya kosa hilo, maana nyaya ni mbili na namna za kuzifunga ni mbili, na shetani huwa anasaidia kuchagua. Na kwa kuwa Mama yako alivichagua vipande vile kwa ukali wake, hata mnong'ono wa upande wa maneno haukuvuja. Dawa yake ni kuzichomoa na kuzibadilisha. Chuma cha kuchomea nilikuwa nacho mkononi, nimekiunga kwenye betri, tena cha moto.

Wewe ulikuwa umekaa juu ya ile sahara ya babu, lile sanduku kubwa la mbao, unabembeza miguu. Ukainua kichwa ukauliza: "Baba, nani hii inasema kama Mama?"

Nilikuwa sijasikia mpaka uliposema. Uliposema, nikasikia. Sentensi inakwenda, inakatika, inavutwa pumzi, inamaliziwa mbio. Nikakiweka chuma chini kikapoa chenyewe, na tangu siku ile mpaka leo sikukiwasha tena kwa kazi ile.

Ningekuwa nataka kujitetea ningesema ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini lile lilikuwa zaidi ya huzuni, lilikuwa tamaa. Mwanzo tulikwenda sote, kisha wewe ukaanza kusema una masomo, kisha hukusema kitu, ukabaki nyumbani. Mimi sikukosa. Nikakiondoa kipaza sauti, nikawa nasikiliza kwa hedfoni, nikijidanganya kuwa ni kuhifadhi betri. Ukweli ni kwamba sikutaka hata popo wa mle ndani wasikie.

Nikaanza kuzungumza naye. Nikisema mimi, yeye ananyamaza. Nikinyamaza, anaanza. Usinicheke. Najua sababu yake: watu hewani hupokezana, na mimi nilikuwa nikiangukia zamu ya yule mwingine ambaye mawimbi yake hayafiki Ibra. Najua, na nilijua, na bado nikawa namweleza. Nikamweleza umepata homa. Nikamweleza umeanza kuendesha gari na unakata kona kama mjomba wako. Nikamweleza unazungumza na nani kwenye simu, na kwamba sikubaliani. Habari zako zote nilimpa yeye, na wewe mwenyewe sikukuuliza hata moja. Hilo ndilo kosa langu, Rayya, kubwa kuliko la nyaya.

Bi Zuwena alikuja mara moja tu. Akasimama nje ya mlango, akakataa kuvuka kizingiti, akaniita nitoke. Alikuwa amesikia maneno ya watu. "Seif," akaniambia, "nyumba tupu haikai tupu. Na mlango unaufungua wewe." Nikamwambia asiniletee mambo ya kizamani ya Unguja Ukuu. Akasema lisemwalo lipo, akajifunika baibui lake akaenda zake, na mwezi mzima akawa ananipikia bila kunisemesha.

Maneno yenyewe yalitoka kwa bwana mmoja mwenye mitende upande wa pili wa falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, anayekuja jioni kufungulia maji zamu yake ikifika. Nilikutana naye msikitini, akaniuliza kwa adabu kama nimeoa. Nikashangaa. Akasema amepita mara nyingi chini ya dirisha, anasikia nazungumza na mwanamke, akaona si vizuri kusimama. Nikacheka. Nikamweleza mambo ya sauti iliyopinduka, kwamba haina kike wala kiume, akatikisa kichwa akakubali. Nilipofika nyumbani, nikivua viatu, ndipo nilipokumbuka kuwa mimi nasikiliza kwa hedfoni, na nje hakutoki kitu.

Labda alisikia sauti yangu ikirudishwa na kuta. Kuta za udongo zilizopasuka hufanya hivyo. Nilijipa jibu hilo, na kesho yake maghribi nikaenda tena, nikiwa na hofu, na hofu yenyewe ikawa tamu.

Sasa nifike pale ninapoona haya. Siku uliyorudi kutoka chuoni Nizwa na matokeo yako, ulikuta nyumba giza, ukajua nilipo, ukaja mwenyewe mpaka kule. Nilikuona mlangoni. Uso wako ulikuwa unacheka, ulikuwa unafungua mdomo. Na mimi nikakuinulia mkono unyamaze. Alikuwa ameanza kusema, nikataka nimsikie mpaka mwisho. Nilikunyamazisha wewe uliye hai, uliyeendesha gari kutoka Nizwa na furaha mkononi, kwa ajili ya sauti isiyo na neno hata moja. Nilipogeuka hukuwepo. Matokeo yako nilikuja kuambiwa na Bi Zuwena, tena alinisemesha kwa sababu hiyo tu.

Hukunilaumu. Afadhali ungelaumu. Ulianza kunichunga, kama wewe ndiye mzee. Ukawa unaacha taa ya nje inawaka, unaweka chakula kwenye chombo cha kuhifadhi joto, unasikilizia gari langu kisha ndipo unazima taa ya chumba chako. Nilikuwa naiona ikizimwa. Mtoto akimlea mzazi kabla ya wakati, hapo pana mtu amekosea njia, na aliyekosea hakuwa wewe.

Basi juzi ulipomaliza vitunguu ukanawa mikono ukanitazama. Ukasema huwezi kwenda kukaa nchi ya mbali ukijua niko na huyo. Ulisema "huyo", hukusema Mama, na mimi nililisikia neno hilo likinichoma. Nikakuuliza unataka nini. Ukasema: "Weka swichi kwenye zile nyaya mbili, Baba. Khalas, tusikie anasema nini. Kama ni Mama, atasema. Kama mub Mama, siye, na wewe utajua."

Nikakujibu redio ni yangu.

Ukasema: "Na mimi wa nani?"

Nikatoka nje nikajifanya naangalia maji ya gari.

Nikuambie nilichokuwa nakiogopa, kwa sababu hukuniuliza na najua ulitaka kuuliza. Sikuogopa majini. Niliogopa nibadilishe nyaya nimkute mtu baki akisema habari za mvua. Ningekuwa nimefiwa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Na mara nyingine niliogopa kinyume chake, kwamba nitabadilisha na nitamkuta yeye, na atakuwa anasema kitu ambacho muda wote huu alitaka nikisikie, nami nilijizibia masikio kwa nyaya mbili. Mtu anaweza kuishi baina ya hofu mbili kama hizo, akapaona pana hewa ya kutosha. Nimeishi hapo, kwa hiyo najua.

Leo baada ya alasiri, wewe ulipokuwa kwa Bi Zuwena wenzio wanakupaka hina, nilichukua swichi kutoka kwenye kitu kibovu, sikumbuki hata kitu gani, nikaenda. Mtaa ulikuwa kimya, hata mbuzi hawakuwepo. Nilichomea pale pale juu ya sahara, nikajiunguza kidole, utakiona asubuhi. Swichi ikipanda juu, redio inasikia upande wa maneno. Ikishuka, inasikia ule wa zamani. Nikasali maghribi mle ndani, nikavaa hedfoni, nikaipandisha juu.

Rayya, maneno yalikuja.

Ni mzee. Mzee wa Pemba, Mswahili kabisa, lafudhi ya Wete ile ile ambayo nimelala nayo na kuamka nayo miaka yote ya ndoa yangu. Alikuwa akizungumza na mwenzake ambaye mimi simsikii. "Mnazi umeniangukia juu ya waya," anasema, "sasa nimeutundika kwenye mkarafuu, sijui huko napatikana vipi." Akaeleza goti linavyomsumbua akipanda ngazi. Akamsalimia mke wa mwenzake. Akasema leo hapana umeme anatumia betri, kama mimi.

Nilicheka kwanza, peke yangu mle gizani. Kisha nikalia kama sikulia siku ya mazishi. Ndiye huyu, basi siye Mama yako. Nilimsikiliza kwa mapenzi, nakuapia, sikumchukia hata kidogo. Nilifurahi kwa ajili yako, kwamba sasa utakwenda, na niliumia kwa ajili yangu, na vyote viwili vilinijia pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Lakini mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu haachi kusahihisha hata akilia. Katikati ya goti na mkarafuu nikaanza kungoja ile pumzi. Nikangoja akate neno kati, avute hewa kwa meno, amalizie mbio. Yule mzee hana tabia hiyo. Anasema moja kwa moja, taratibu, kama maji ya falaji yanavyokwenda. Nilimsikiliza mpaka akamuaga mwenzake, akasema tutasikilizana kesho inshallah, akafunga mtambo wake. Hakuikata sentensi hata moja.

Pakabaki mvumo mtupu, ule wa hewa tu.

Mtu akishafunga swichi ya namna ile, lazima apime pande zote mbili, aone ule unaotakiwa kufa umekufa sawasawa. Ni kazi ya kawaida, ningeifanya hata kama redio ingekuwa ya mtu mwingine. Ndivyo nilivyojiambia. Nikaishusha swichi, kwenye upande wa zamani, ambao sasa hauna mtu, kwa sababu mtu wake ameshaaga na kuzima.

Alikuwa anasema.

Alikuwa yule yule, mahali pale pale, mwendo ule ule. Alikuwa akisema kwa haraka kidogo kuliko siku zote, kama mtu aliyekuwa ananingoja nimalize mambo yangu.

Ninaweza kukupa sababu. Hewani kuna watu wengi, na kando tu ya yule mzee anaweza kuwepo mwingine, wa Wete au wa kwingine, mwenye pumzi fupi. Kitufe cha kutafutia mawimbi kilikuwa chini ya kidole changu. Ningepandisha swichi tena, ningezungusha kidogo, ningemtafuta upande wa maneno, na pengine ningemkuta kijana anayeuza magari. Pengine. Nilikaa nimeshika kitufe, na nikajijua. Nikizungusha leo nisimpate, nitazungusha kesho. Nikimpata, nitataka kujua kesho anasema nini. Kwa vyovyote vile, ungepiga simu kutoka huko mbali, na mimi ningekuinulia mkono unyamaze.

Akaanza sentensi. Ilikuwa ndefu, nzuri, inapanda. Akaikata kati, akavuta pumzi.

Nikazima.

Sikungoja amalizie. Nilichomoa betri nikaipakia garini, nikaushusha waya kutoka kwenye mtende, nikafunga mlango, na ufunguo nimempa Bi Zuwena. Ameupokea akautia kwenye mkoba wake bila kuniuliza kitu, kisha akaniambia nikanawe mikono, chakula kinapoa. Wewe ulikuwa ndani unacheka na wenzio. Nilisimama ukumbini nikakisikiliza kicheko chako mpaka mtu akaniona.

Ningeweza kukuandikia ya mzee wa Pemba nikaishia hapo. Ungesoma, ungepumua, ungechukua begi. Nimeyaandika na haya mengine kwa sababu mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeficha ya kutosha humu ndani. Sijui alikuwa nani. Sitarudi kuhakikisha. Kutojua kunaniuma sasa hivi ninapoandika, kunaniuma kama kidole hiki, lakini ni maumivu ninayoweza kwenda nayo msikitini, sokoni, na uwanja wa ndege. Usibaki kwa ajili yake. Nyumba ile haina mtu wangu ndani yake tena kuanzia leo, na kama yumo, basi nimemuacha mimi, hukumuacha wewe.

Sikusomei mafunzo. Najua tu kwamba nilikuwa nangoja mtu amalize kusema, na wakati nangoja wewe umekuwa mtu mzima, na nimekuona kwa nyuma zaidi kuliko kwa uso. Utanisamehe au hutanisamehe, hilo ni lako, huna haja ya kuniambia kesho.

Tutashika njia mapema. Tutasimama Bidbid tunywe chai, utasema ni tamu mno na utaimaliza. Halafu tutafika uwanjani, na hapo najijua: sitasema kitu muda wote wa foleni, kisha mwisho kabisa nitaanza. Nitakuwa na maneno mengi, yote ya muhimu, yote niliyopaswa kukuambia ukiwa mdogo, na nitakushika mkono ili unisikilize. Wakiita safari yako, mwanangu, usingoje nimalize.

Baba yako,
Seif